Masaka alifika Brighton. Msichana wa Ujiji atapitia wapi?

Agosti 2024 picha moja ilizunguka sana kwenye simu za Watanzania: Aisha Masaka akiwa na jezi ya Brighton & Hove Albion. Straika aliyekuwa BK Häcken ya Sweden alikuwa ameingia Ligi Kuu ya Wanawake ya England, Mtanzania wa kwanza kufika huko.

Picha ile ilifika Kigoma pia. Ilifika Gungu, Mwanga, Kibirizi na Ujiji, kwa wasichana wanaocheza mpira jioni baada ya shule na kazi za nyumbani. Kwao swali ni moja tu: mimi napitia wapi?

Jibu la haraka ni "jitume, kipaji kitaonekana". Ukiangalia vizuri njia waliyopita washambuliaji wetu walioko nje, utaona jibu hilo halitoshi. Kipaji kilikuwepo, sawa. Lakini kila hatua ilikuwa na mambo mengine matatu: klabu, mechi za mara kwa mara na karatasi. Msichana wa Kigoma anakwama kwenye hayo matatu, tena mapema kabisa, kati ya miaka 12 na 18.

Safari ya Masaka, kituo kwa kituo

Masaka alionekana akiwa Alliance Girls ya Mwanza. Alliance ni kituo chenye shule na timu pamoja, kwa hiyo binti anasoma na anacheza palepale. Kutoka hapo akaenda Yanga Princess ya Dar es Salaam, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2020/21.

Mwanzoni mwa 2022 akasaini BK Häcken. Angalia umri wake hapo. Alizaliwa 2003, yaani alikuwa amevuka miaka 18 kidogo tu. Hiyo haikuwa bahati. FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Kwa hiyo klabu za nje husubiri birthday. Siku binti anapotimiza 18, anayesajiliwa ni yule ambaye tayari ana mechi, mabao na rekodi. Hakuna anayemsubiri aanze kujifunza siku hiyo.

Häcken ilimpa Masaka jukwaa la Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Ulaya. Msimu wa 2023/24 timu hiyo ilifika robo fainali, ikatolewa na Paris Saint-Germain. Halafu ndipo Brighton ikaja.

Na hapa tuseme ukweli wote, maana habari za mitandaoni huishia kwenye picha ya kusaini. Msimu wa 2024/25 Brighton ilimaliza ya tano, lakini Masaka alipata dakika chache, majeraha yakiwa sehemu ya sababu. Kusaini ni jambo moja, kucheza kila wiki ni jingine. Maisha ya straika ni mafupi. Akikaa nje miezi sita, kuna mwenzake aliyekuwa anafunga miezi yote hiyo sita.

Si Masaka peke yake

Nahodha wa Twiga Stars, Opah Clement, alitokea Simba Queens akaenda Uturuki, akazichezea Kayserispor na Beşiktaş, kisha akapita China na Mexico. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess mwaka 2023 kwenda Dux Logroño ya Hispania, na ndani ya mwaka huohuo akatua Al Nassr ya Saudi Arabia, ambako ametwaa mataji ya ligi. Luvanga alizaliwa 2005. Piga hesabu mwenyewe: naye aliondoka akiwa na miaka 18.

Wote watatu ni washambuliaji. Soko la nje linapenda mabao kwa sababu mabao yanahesabika hata na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Tanzania. Beki mzuri lazima umtazame mechi nzima. Straika mwenye mabao mengi kwenye ligi, hata kocha wa Sweden anaisoma namba hiyo akiwa ofisini kwake.

Lakini namba hiyo lazima iwe imeandikwa mahali. Mabao 40 kwenye viwanja vya mtaani Ujiji hayasomwi na mtu yeyote.

Sasa tazama vituo vikubwa vya safari hizi: Mwanza, Dar es Salaam, halafu ndege. Kigoma haimo.

Kigoma ilishawahi kuwa ndani

Hili wengi wamelisahau. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ilipoanza msimu wa 2016/17, ilikuwa na timu 12 katika makundi mawili. Mlandizi Queens ya Pwani ndiyo ilichukua ubingwa. Kati ya timu hizo 12 ilikuwemo Sisterz FC ya Kigoma.

Yaani siku ya kwanza kabisa ya ligi hii, mkoa wa mwisho wa reli ulikuwa na timu ya wanawake. Wasichana wa hapa walikuwa na klabu ya kuitazama, ya kufanya nayo mazoezi na ya kuota kuichezea bila kuhama nyumbani.

Baadaye ligi ikabadilika. JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ikatawala 2018 na 2019. Simba Queens ikachukua mataji matatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, na mwaka 2022 ikamaliza ya nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake nchini Morocco. Kuanzia hapo ubingwa umekuwa ukizunguka kwa JKT Queens na Simba Queens.

Kiwango cha ligi kilipanda, na hilo ni jambo zuri. Lakini gharama nazo zilipanda. Timu ya Kigoma ikicheza ugenini Dar, inasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Hapo kuna nauli, chakula na malazi ya watu zaidi ya 20. Klabu yenye jeshi nyuma yake inaweza, na yenye mashabiki nchi nzima inaweza. Timu ya mtaani inayochangiwa na wapenzi wachache haiwezi kwa muda mrefu, hata ikiwa na washambuliaji wazuri kiasi gani.

Uwanja upo, timu ya wanaume ipo

Usidhani Kigoma haina kitu. Uwanja wa Lake Tanganyika ulibeba fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports Julai 25, 2021, Simba ikiifunga Yanga 1-0 kwa bao la kichwa la Taddeo Lwanga. Nchi nzima ilitazama Kigoma siku ile.

Tangu msimu wa 2023/24 Mashujaa FC inacheza Ligi Kuu ya wanaume na inautumia uwanja huohuo kama nyumbani. Jina la Mashujaa limefika hata ligi ya wanawake kupitia Mashujaa Queens. Hatua nzuri. Ila jina peke yake halimsaidii mtoto wa Gungu. Kinachomsaidia ni mazoezi anayoweza kuyafikia kwa miguu baada ya shule, mara tatu kwa wiki, na mechi anayoweza kwenda kuitazama Jumamosi.

Kanuni za leseni za klabu za CAF zinataka klabu ya wanaume inayocheza mashindano yake ya Afrika iwe na timu ya wanawake. Kwa hiyo klabu za wanaume zinazidi kuwa mlango wa soka la wanawake. Kwa mkoa kama Kigoma ambao tayari una timu ya Ligi Kuu, mlango huo uko karibu kuliko watu wanavyofikiri.

Tena tazama ng'ambo. Bujumbura iko karibu na Kigoma kuliko Dar es Salaam, nayo iko kwenye ufukwe wa ziwa hilihili. Burundi ilicheza fainali za Afrika za wanawake za 2022 kwa mara ya kwanza, na Simba Queens ilisajili Warundi kama Joelle Bukuru na Asha Djafari. Skauti wa Dar wamevuka mpaka kutafuta wachezaji Burundi, lakini Kigoma wanapita tu. Kwa nini? Kwa sababu mchezaji wa ng'ambo alikuwa na klabu na timu ya taifa ya kumtambulisha.

Hesabu ya karatasi

Tufike kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana vijiweni: pesa inayorudi nyumbani mchezaji anaponunuliwa.

Kwa wanaume kuna fidia ya mafunzo. Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zilizomlea hulipwa. Kwa wanawake, kanuni za FIFA zimeiondoa fidia hiyo. Kwa hiyo binti akiondoka mkataba wake ukiwa umekwisha, klabu ya mtaani iliyomlea inabaki na picha yake ukutani, basi.

Ila kuna kitu kimoja kinawahusu hata wanawake: mchango wa mshikamano. Mchezaji akihamia nchi nyingine kwa ada ya uhamisho huku mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada hiyo inagawanywa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu alipotimiza miaka 12 hadi 23. Mgawo uko hivi: msimu wa miaka 12 hadi 15, asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu. Miaka 16 hadi 23, asilimia 0.5 kwa kila msimu.

Chukua mfano wa kufikirika. Binti wa Ujiji anasajiliwa na klabu ya mtaani akiwa na 12, anakaa hapo hadi anapomaliza msimu wa miaka 17. Hiyo ni misimu minne ya 0.25 na miwili ya 0.5. Jumla ni asilimia 2. Akija kuuzwa nje kwa dola 100,000, klabu ile ya Ujiji inastahili dola 2,000, zaidi ya shilingi milioni 4. Akiuzwa tena nchi nyingine kwa ada, inalipwa tena.

Si utajiri, lakini kwa timu inayochangisha ili inunue mipira, ni msimu mzima.

Masharti ni mawili, nayo ni ya karatasi. La kwanza, klabu iwe imesajiliwa na iwe mwanachama wa chama cha mpira kinachotambuliwa na TFF. La pili, binti awe amesajiliwa kwa jina lake sahihi na tarehe yake sahihi ya kuzaliwa, msimu kwa msimu. FIFA ilianzisha ofisi maalumu ya malipo haya mwaka 2022, na ofisi hiyo inasoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zake zote kama zilivyosajiliwa. Kama Ujiji haimo kwenye orodha, hakuna wa kuikumbuka.

Na kuna mtego mwingine. Mtu binafsi, hata awe kocha au mfadhili aliyemlisha binti miaka mitano, haruhusiwi kumiliki asilimia ya mauzo ya mchezaji. FIFA imepiga marufuku. Anayeweza kudai ni klabu. Kwa hiyo yule "mwalimu" mwenye timu yake isiyosajiliwa, anayetoa nauli mfukoni mwake, anajitolea bure kabisa. Moyo ni mzuri, lakini binti akifika mbali timu yake haitapata chochote.

Kati ya miaka 12 na 18

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Msichana anacheza vizuri darasa la sita, anaonekana UMITASHUMTA, watu wanashangilia. Akiingia sekondari anaonekana UMISSETA. Mashindano haya ya shule ni mazuri, ila ni ya siku chache kwa mwaka. Yakiisha, anarudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Straika halelewi kwa mechi tano kwa mwaka.

Nyumbani nako kuna maisha. Mama anauza dagaa au mawese, na binti ni msaidizi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nia ni kulinda ziwa, lakini kwa familia zinazoishi kwa dagaa na migebuka, miezi hiyo kila shilingi inahesabiwa. Nauli ya mazoezi inakuwa ya kwanza kukatwa.

Halafu kuna neno la wazazi: "Mpira utampeleka wapi mtoto wa kike?" Tusiwalaumu haraka. Wameona wangapi waliorudi mikono mitupu, shule imekwama na goti limeumia? Wanachotaka kujua ni kama shule itaendelea. Na jibu lipo: mfano wa Alliance wa shule na timu pamoja. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapa nchini walitwaa ubingwa wa mashindano ya shule ya CAF kule Durban. Huko binti hakuambiwa achague kati ya daftari na kiatu.

Goti nalo tusilipite. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba wanawake wanaocheza soka wako kwenye hatari kubwa kuliko wanaume ya kukatika ligamenti ya mbele ya goti. Kwa straika anayekimbia, kusimama ghafla na kugeuka, hatari hiyo iko kila mechi. Mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 15 hadi 20, yakifanywa kila siku na kwa mpangilio, yanaipunguza. Hayahitaji mashine. Yanahitaji kocha anayeyajua na asiyeyaruka kwa sababu giza linaingia.

Nini kifanyike, na nani

Tusiishie kulalamika. Mambo manne yanawezekana bila kusubiri bajeti kubwa.

Kwanza, kila timu ya wasichana ya Kigoma na Ujiji isajiliwe rasmi, na kila binti aandikwe kuanzia miaka 12, na cheti cha kuzaliwa mkononi. Hii ni kazi ya viongozi wa timu na chama cha soka cha mkoa. Na umri usichezewe. Ukimpunguzia binti miaka miwili leo ili acheze mashindano ya vijana, unampa tatizo litakalomfuata mpaka uwanja wa ndege.

Pili, ligi ya wasichana ya mkoa ichezwe kwa miezi, isiwe bonanza la wikendi moja. Timu sita zikicheza nyumbani na ugenini, kila timu inapata mechi 10. Zikicheza mizunguko miwili ya namna hiyo, zinakuwa 20. Na matokeo yaandikwe: nani kafunga, dakika ya ngapi. Simu yenye kamera inatosha kurekodi mabao.

Tatu, binti anapochukuliwa na klabu kubwa, klabu ndogo isimwachie kwa maneno na seti moja ya jezi. Iandike mkataba wenye kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo. Klabu kwa klabu, hilo linaruhusiwa.

Nne, mzazi akipigiwa simu na mtu anayejiita wakala, aulize leseni. Tangu 2023 FIFA inataka wakala awe na leseni inayopatikana kwa mtihani, na majina yao yanaangaliwa mtandaoni. Anayesema binti wa miaka 16 "ana timu Uarabuni" na anaomba hela ya pasipoti kwanza, huyo si wakala. Kumbuka ile kanuni ya miaka 18.

Kwa nini sasa

Twiga Stars wamerudi kwenye ramani. Walikuwa kwenye fainali za Afrika mwaka 2010, wakapotea miaka mingi, wakarudi Morocco Julai 2025. Walitoka kwenye makundi, lakini waliwabana Afrika Kusini 1-1, waliokuwa mabingwa watetezi, Opah akifunga bao la Tanzania. Kisha wakafuzu tena fainali za 2026. Nyuma yao kuna kizazi cha Serengeti Girls waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 India mwaka 2022, wakiifunga Ufaransa 2-1 njiani.

Maana yake, klabu za nje sasa zinaitazama Tanzania. Mlango uliofunguliwa na akina Masaka, Opah na Luvanga uko wazi, lakini hautabaki wazi kwa heshima ya majina yao tu. Lazima wapatikane wengine wa kupita.

Kigoma haijawahi kukosa vipaji. Diamond Platnumz na Ali Kiba wana asili ya huku, na kipa Juma Kaseja pia. Wote ilibidi majina yao yakuzwe kwingine. Tumezoea kuita mji huu mwisho wa reli, lakini treni inayofika hapa ndiyo hiyohiyo inayogeuza kuanza safari.

Binti wa Ujiji aliyetimiza miaka 12 mwaka huu ana misimu sita tu kabla ya kufika 18. Msimu wa kwanza unaanza siku jina lake litakapoandikwa kwenye fomu ya klabu. Kama bado halijaandikwa, mwenye timu, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii.